Maji yakipungua tangini, usijazie ya chumvi

Kwa mnaoanza tangi la matumbawe nyumbani: maji yakishuka kwa mvuke, jazia maji matamu. Kinachoruka hewani ni maji tu, chumvi yote inabaki. Ukiongeza ya chumvi kila mara, ukali wa chumvi unapanda polepole. Matumbawe yanajikunja, hayafunguki hata taa zikiwaka, na wewe unalaumu taa. Lenga gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, yaani kama 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na matamu.

Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo, usawa wa maji, ujue pa kurudisha. Mwenye sampu, yaani tangi la pili chini ambalo pampu yake hurudisha maji juu, aweke alama kwenye chemba ya pampu, maana huko ndiko maji yanakoshuka; juu hutaona kitu. Jazia kidogo kidogo kila siku, hasa tangi dogo: la lita 40 huchafuka hesabu upesi kuliko la lita 300.

Maji ya bomba achana nayo. Klorini unaweza kuiondoa, lakini shaba kutoka kwenye mabomba huua kamba na konokono hata ikiwa chembe tu. Tumia yaliyochujwa kwa mashine. Ya chumvi yasubiri siku ya kubadilisha maji.