Jinsi ya kuchagua taa ya sebuleni inayoendana na rangi na fenicha zako

Watu wengi tukienda Kariakoo kununua taa tunaangalia umbo tu, imependeza dukani basi tunalipa, ukifika nyumbani haielewani na kitu chochote. Dukani taa kibao zimewashwa kwa pamoja, huwezi kujua hiyo moja ikiwa peke yake kwenye kona yako itatoa mwanga gani. Kwa hiyo anza na chumba chako, tena usiku.

Kaa kwenye kochi, washa taa uliyonayo, angalia kona ipi iko giza na ukuta unaonekana rangi gani. Sebule nyingi za Dar siku hizi ni jipsam juu, tailizi chini, kuta za krimu na balbu nyeupe zile za 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na huo weupe unaoelekea kwenye bluu ndo unaifanya krimu ionekane imechujuka na kochi la kahawia lipauke. Taa ya pembeni iwekee balbu ya 2700K au 3000K, mwanga wa njano njano, utaona mbao na rangi za udongo zinavyotoka vizuri. Kama kuta zako ni za kijivu au bluu na unazipenda hivyo hivyo, njano nyingi itazivuruga, nenda 4000K. Namba hiyo imeandikwa kwenye boksi, isome jamani, maana wati haikuambii rangi. Ung'avu nao angalia lumeni, kwa taa ya pembeni 400 hadi 500 zinatosha kabisa.

Njia ninayoiamini kuliko zote: beba foronya ya mto wa kochi lako uende nayo dukani. Mwambie muuzaji, "kaka samahani, naomba uniwashie hii, hizo za jirani zima kidogo," halafu iweke foronya chini ya mwanga. Kitambaa cha damu ya mzee ni kipimo kizuri sana, balbu mbovu inakigeuza kahawia isiyoeleweka hata kama K zake zinafaa, hapo tatizo ni Ra, yaani kipimo cha balbu inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi, nayo huwa imeandikwa kwenye boksi, chini ya 80 achana nayo, ukipata 90 chukua.

Kofia ya taa sasa. Ya kitambaa cheupe au krimu inasambaza mwanga chumba kizima, nyeusi inausukuma juu na chini tu, na ya rangi inapaka rangi yake kila kitu. Ya ukili mimi naipenda mno, inachora vivuli ukutani, ila inataka ukuta mtupu, ukiwa na wolpepa ya maua na pazia la maua ni fujo, tafuta kofia isiyo na urembo. Na ukili uende na balbu ya LED, zile za zamani za waya zinachemka sana.

Kimo usikadirie kwa macho. Taa ya kusimama pembeni ya kochi, ukingo wa chini wa kofia uwe usawa wa macho yako ukiwa umekaa ili balbu isikupige usoni, na inayoning'inia juu ya meza ya chakula iache sentimita 75 hadi 90 kutoka mezani.

Mnaokaa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach karibu na maji, chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu kinakula kutu haraka kwa ile hewa ya chumvi, bora kitako cha mbao au udongo. Kama fenicha zako ni za mninga, seremala wa Keko anaweza kukuchongea kitako cha mbao hiyo hiyo, fundi umeme akakufungia holda.

Kabla hujalipa geuza kitako usome volti, umeme wetu ni 230, iliyoandikwa 110 peke yake iache hapo hapo. Angalia pia holda ni ya pini au ya kuzungusha ili ununue balbu inayoingia, na upime waya kama unafika kwenye soketi bila kupita katikati ya njia ya watoto.