Kokteli za msimu wa joto: nanasi, pasheni na majani ya kibarazani

Blenda iweke kando kwanza. Najua ndicho chombo cha kwanza mtu wa Dar anachokikimbilia akiona matunda mezani, lakini kwa kokteli inaharibu. Inasaga mbegu za pasheni, kinywaji kinakuwa na chengachenga na ukakasi. Mnanaa nao inaupasua mpaka unatoa uchungu. Unachohitaji ni kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, chujio la chai, kijiko cha chakula, na chupa ya jemu yenye mdomo mpana na mfuniko unaokaza. Hiyo ndiyo itakuwa ya kutikisia.

Nilikaa kaunta ya hoteli moja ya ufukweni kule Kunduchi kabla ya kuhamia kazi nyingine. Siku hizi nawachanganyia ndugu na majirani hapa Tabata, Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma na shati halikauki mgongoni hata usiku. Vifaa vya kaunta sivikumbuki sana. Nilichoondoka nacho ni shira.

Kokteli yoyote ya matunda inasimama au kuanguka kwenye shira. Sukari kavu haiyeyuki kwenye barafu, inabaki chini ya glasi, na mgeni analalamika kinywaji kichachu huku utamu wote umelala kitakoni. Chukua kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji. Ponda mashina mawili ya mchaichai upande wa chini, ule mweupe, ndiko harufu iliko. Ongeza tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, na maganda ya nanasi uliyoyasugua vizuri kwa maji kabla ya kumenya. Ikichemka, punguza moto, iache dakika 10, kisha funika ipoe na kila kitu kikiwa ndani. Usiisubiri iwe nzito kama shira ya kaimati. Hii imiminike kirahisi. Chuja, tia kwenye chupa safi, weka kwenye friji. Itakaa wiki nzima. Ukiona imeanza kutoa mapovu, mwaga.

Kila jani lina namna yake ya kuguswa. Mchaichai ni mgumu, unataka moto, ndiyo maana umeingia kwenye shira. Mnanaa hautaki hata mchi: weka majani 6 au 7 kwenye glasi pamoja na shira, yakandamize kwa mgongo wa kijiko mara tatu nne, basi. Wa kwangu uko kibarazani kwenye dumu la lita 5 nililolikata juu, unapata jua la asubuhi tu. Rehani, ile ile inayotiwa kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, iweke kwenye kiganja kimoja na uipige kofi kwa kingine. Utaisikia harufu kabla hujafungua mikono.

Sasa vipimo. Kijiko cha chakula kisichofurika ni ml 15. Glasi moja inachukua vijiko 3 vya pombe, kimoja na nusu cha ndimu, kimoja na nusu cha shira. Tunda likiwa tamu, punguza shira, usipunguze ndimu. Mimi natumia Konyagi: ina asilimia 35, haina makuu, na ladha yake inaelewana na ndimu. Tangu viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vipigwe marufuku mwaka 2017, kinachonitosha ni chupa ndogo ya ml 200, inatoa glasi nne. Ihifadhi kwenye friza, haigandi.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya nanasi na rehani. Tafuta nanasi lililoiva, kama yale ya Kiwangwa, Bagamoyo. Ponda vipande vitano kwenye kinu, chuja maji yake ndani ya chupa ya jemu, tia Konyagi, ndimu, kijiko kimoja tu cha shira na majani manne ya rehani. Jaza barafu, kaza mfuniko, tikisa kwa nguvu sekunde 15 mpaka chupa iume vidole. Ukichuja kwenye glasi utaona povu jeupe limetanda juu. Hilo linatoka kwenye maji ya nanasi yaliyokamuliwa papo hapo yakitikiswa. Juisi ya boksi haikupi povu la namna hiyo.

Ya pasheni haitikiswi. Chagua pasheni mbili zilizokunjamana ganda, maana zile nyororo zinazong'aa mara nyingi bado ni kali. Kwangua nyama yake juu ya mnanaa uliokwisha kuukandamiza kwenye glasi, tia pombe na ndimu, barafu, halafu jazia maji ya soda. Mbegu ziache, zinatafunika.

Nairobi wana kokteli yao wanayoiita "dawa": vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Inaletwa na kijiti kilichochovywa kwenye asali, nacho si pambo. Asali ikikutana na barafu inakaza, kwa hiyo mnywaji anaizungusha na kuiyeyusha taratibu, kila funda linakuwa tamu kuliko lililopita. Ukiwa na asali ya Tabora, jaribu kwa Konyagi, ila ondoa sukari.

Asiyekunywa pombe asipewe soda akaishia pembeni. Loweka ukwaju kwenye maji ya uvuguvugu, ukamue kwa mkono, chuja, ongeza shira, maji ya baridi, mnanaa na chembe ya chumvi. Ukwaju una ukali wake, haukosi kitu. Mtengee chupa yake ya kutikisia na kijiko chake, na umwambie umefanya hivyo.

Barafu gandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, kwenye makopo madogo ya siagi. Vipande vikubwa haviyeyuki haraka, na umeme ukikatika vinakuvusha jioni. Wageni wakizidi sita, changanya kila kitu kwenye jagi mchana na uweke kwenye friji, isipokuwa barafu, soda na majani. Hivyo viingie mgeni akishakaa.