Namna ya kuijua kaunti ya McIntosh, Georgia, kwa kufuata mito yake

Wengi wanaoshuka Florida kutoka Savannah wanaipita kaunti ya McIntosh pale barabara kuu ya I-95 bila hata kujua, wanaona majani na tope tu basi wanakanyaga mafuta. Nyie tokeni exit 49 muingie mji wa Darien. Na msianze na majengo, anzeni na maji, maana kule mto ndo uliowapangia watu wakae wapi na wafanye kazi gani.

Kabla hujatoka nyumbani fungua ramani, tafuta mto Ocmulgee na Oconee inapokutana, hapo ndo Altamaha inaanzia, ifuate na kidole mpaka baharini kama kilomita 220 hivi. Karibu na mwisho inagawanyika, na ile barabara ya US 17 inayavuka matawi yake mojamoja: Darien, Butler, Champney, South Altamaha. Halafu angalia ratiba ya maji kujaa na kupwa, usiidharau hata kidogo, pwani ya Georgia maji yanapanda mita mbili na zaidi.

Darien yenyewe anzia Fort King George, ngome ya Waingereza ya 1721. Mwaka 1736 wakaja Waskoti wa milimani, na 1739 kumi na wanane kati yao wakasaini barua ya kupinga utumwa, wakitaka usiruhusiwe Georgia. Lakini 1751 ukaruhusiwa, na matokeo yake unayaona ukivuka daraja tu.

Hapo nazungumzia Butler Island, na hapa usiwe na haraka. Utaona bomba la moshi la matofali limesimama peke yake kando ya barabara, hilo lilikuwa la mashine ya kukoboa mpunga. Shuka garini uangalie mitaro na tuta. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi kwa hiyo yanakaa juu, bahari ikijaa inayasukuma yarudi nyuma, basi kwenye tuta kulikuwa na mifereji ya mbao yenye mlango kila upande, ukiinua ule wa nje maji matamu yanaingia shambani yenyewe, yakianza kupwa mlango wa ndani unajibana kwa uzito wa maji na shamba linabaki limejaa. Aliyekulia delta ya Rufiji ataelewa haraka. Walioichimba yote hiyo kwa mikono ni Waafrika waliofanywa watumwa, na Machi 1859 mwenye mali, Pierce Mease Butler, akawauza zaidi ya 400 Savannah kwa siku mbili alipe madeni yake. Simama pale ukijua hilo.

Ukitaka kutafuta majina yao, sensa za 1850 na 1860 hazitakusaidia sana, zimeandika umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la bwana. Anza na sensa ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kuisha, ndo urudi nyuma, kisha linganisha na katalogi ya ule mnada, ile ina majina na umri. Rekodi nyingi za mahakama ya kaunti za zamani hazipo, Darien ilichomwa na jeshi la Kaskazini Juni 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Kisiwa cha Sapelo panga mapema. Boti inatoka Meridian na huwezi kupanda tu hivihivi, lazima uwe na nafasi kwenye ziara au uwe mgeni wa mwenyeji, kwa hiyo piga simu kwanza, beba maji ya kunywa na chakula. Kule aliishi Bilali, mzaliwa wa Futa Jallon huko Guinea, aliyeandika kwa Kiarabu kijitabu cha fiqhi, mambo ya udhu na sala, na mabinti zake walikuwa na majina kama Fatima na Medina. Kijitabu chenyewe kinatunzwa University of Georgia. Wazao wake bado wapo Hog Hammock, kijiji cha Wagullah Geechee, yaani wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa pwani hii, na kinapigania uhai wake kwelikweli: 2023 kaunti ilibadilisha sheria kuruhusu nyumba kubwa zaidi, wenyeji wakahofia kodi za ardhi zitawang'oa, wakaenda mahakamani. Kwa hiyo lala kwa mwenyeji, nunua chakula kwa mwenyeji, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au kaburi.

Siku ikibaki nenda Harris Neck, kaskazini, kando ya mto South Newport. Serikali iliwatoa watu weusi pale 1942 ijenge uwanja wa ndege za vita, leo ni hifadhi ya ndege wa maji na familia bado zinadai ardhi yao. Hapo ndo miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha Lorenzo Dow Turner alimrekodi mwenyeji Amelia Dawley akiimba wimbo wa Kimende, lugha ya Sierra Leone, aliofundishwa na mama yake, na baadaye kulekule Sierra Leone ukapatikana ukoo uliokuwa ukiuimba msibani. Usikilize kabla hujafika, rekodi ipo.