Sitini ya huku si sitini ya kule: kulinganisha wanafunzi kwa kila mwalimu mwenye mafunzo

Nilifundisha hisabati darasani kwa miaka, kisha nikahamishiwa kwenye meza ya takwimu za shule za msingi. Jedwali langu la kwanza huko, la uwiano wa wanafunzi kwa kila mwalimu mwenye mafunzo, liliiweka nafasi ya kwanza shule isiyokuwa na mwalimu hata mmoja aliyesomea ualimu. Kompyuta ilikuwa imekataa kugawanya kwa sifuri na kuniletea alama ya kosa. Nami, ili ukurasa upendeze, nikaifuta nikaandika 0. Nilipopanga shule kuanzia uwiano mdogo hadi mkubwa, sifuri yangu ikapanda kileleni. Mwenzangu wa meza ya pili aliiangalia karatasi akaniuliza, "Hii shule ya sifuri, kaka, watoto wanafundishwa na malaika?"

Tangu siku hiyo sigawanyi kitu kabla ya kuuliza maswali.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Unachukua wanafunzi wote wa shule ya msingi, unagawanya kwa idadi ya walimu wenye mafunzo wanaofundisha ngazi hiyo hiyo. Wanafunzi wote, narudia, si wale tu wanaokaa mbele ya walimu hao. Chukua shule ya mfano, tuiite A: wanafunzi 600, walimu 15, na kati yao 10 ndio waliosomea ualimu. Kwa kila mwalimu kuna wanafunzi 40. Kwa kila mwalimu mwenye mafunzo, 60.

Kinachosumbua ni hilo neno "mafunzo". Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, yenye makao yake Montreal, humhesabu mwalimu kuwa na mafunzo akiwa amepata angalau yale ya chini kabisa yanayotakiwa na nchi yake kwa ngazi anayofundisha, ama kabla ya kuajiriwa ama akiwa kazini. Nchi yake: hapo ndipo penye mtego. Nchi inayodai mafunzo mafupi itaonekana ina walimu tele wenye mafunzo, na jirani yake anayedai miaka kadhaa ataonekana maskini. Kwa hiyo ukilinganisha nchi na nchi, ongeza safu moja kwenye jedwali uandike sharti la kila nchi. Mwaka 2021 UNESCO ilipitisha ISCED-T, mfumo wa kuainisha programu za mafunzo ya ualimu, ili angalau tuwe na lugha moja ya kuyaeleza masharti hayo. Usichanganye pia mafunzo na kisomo. Mwenye shahada ya fizikia ambaye hajasomea kufundisha hayumo katika hesabu hii, hata kama anaijua fizikia kwa moyo.

Upande wa wanafunzi, hakikisha "msingi" ni msingi kweli. Kuna nchi ambako ngazi hii ni miaka minne na kwingine saba. Katika nchi nyingi ni sita. Shule nyingi zina darasa la awali ndani ya uzio huo huo, na mwalimu mkuu akiulizwa jumla anakupa ya wote. Toa watoto wa awali, na walimu wao uwatoe pia.

Kisha hesabu watu walio kazini. Mimi huomba orodha ya majina, siridhiki na jumla. Ndani ya majina utamkuta aliye likizo ya masomo, anayefundisha nusu siku (mwandike 0.5, na ufanye hivyo kwa shule zote), na yule anayefundisha zamu ya asubuhi na ya mchana akatokea mara mbili. Tarehe nayo ni muhimu: wanafunzi waliohesabiwa mwanzoni mwa mwaka na walimu waliohesabiwa mwishoni hawakai kwenye mstari mmoja.

Sasa linganisha, lakini usiishie kwenye uwiano. Uvunje vipande viwili: wanafunzi kwa mwalimu yeyote, na sehemu ya walimu wenye mafunzo. Cha kwanza ukikigawanya kwa cha pili unapata uwiano wako. Shule B ina wanafunzi 60 kwa mwalimu, na wote wamesomea ualimu: 60. Shule C ina wanafunzi 30 kwa mwalimu, lakini nusu tu ndio waliosomea: 60 vilevile. Ukizipanga kwa uwiano peke yake zinafungana, ilhali B inahitaji kuajiriwa watu na C inahitaji kusomesha iliyo nao. Ripoti inayotoa 60 na kunyamaza imemficha msomaji jambo kubwa kuliko lililoandikwa.

Ukitaka wastani wa eneo zima, usijumlishe uwiano wa shule ukagawanya. Shule D ina wanafunzi 90, walimu watatu, na mmoja tu mwenye mafunzo: uwiano wake 90. Ukichukua 60 ya shule A na 90 hii, wastani wa haraka ni 75. Jumlisha kwanza wanafunzi wote, 690, ugawanye kwa walimu 11, unapata takriban 63. Hiyo ndiyo hali ya eneo. Ila chini yake onyesha pia shule moja moja, maana 63 haimsaidii mtoto wa D.

Na ile sifuri? Siku hizi ninaigeuza hesabu: walimu wenye mafunzo kwa kila wanafunzi 100. Shule A inapata 1.7, D inapata 1.1, na isiyo na mwalimu mwenye mafunzo inapata sifuri halali, inayokaa mkiani inapostahili. Kama ni lazima utumie uwiano wa kawaida, andika "hakuna" kwenye kisanduku na uiorodheshe shule hiyo peke yake, juu ya jedwali, ili isiwe rahisi kuiruka.

Jaribio la mwisho ninalolifanya kabla ya kukabidhi karatasi: ninaongeza mwalimu mmoja mwenye mafunzo kwa kila shule, kwenye karatasi tu, niangalie kinachosogea. Shule A inashuka kutoka 60 hadi karibu 55. Shule D inashuka kutoka 90 hadi 45. Safu hiyo ninaiweka mwisho kabisa upande wa kulia, na mara nyingi anayepanga walimu huanza kusoma hapo.