Dawa ya dawa: ya kuandaa kabla mgonjwa wenu hajaanza Benzhexol

Ndugu akianza matibabu ya ugonjwa wa akili, mara nyingi mnatoka dirisha la dawa na vitu viwili. Kimoja ni Haloperidol au Chlorpromazine, au keshachomwa ile sindano ya mwezi. Cha pili ni vidonge vidogo vilivyoandikwa Benzhexol, au Trihexyphenidyl kwa jina lake jingine, ambavyo wengine wanavijua zaidi kwa jina la Artane. Mnaambiwa "hiki asubuhi na mchana", foleni inasogea, mnaondoka. Maswali yanaanzia nyumbani: hii ya pili ni ya nini? Swali hilo liulizwe palepale, kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu mengine yote yanategemea jibu lake.

Benzhexol haizimi sauti anazosikia mgonjwa, wala haimwondolei hofu ya kufuatwa. Hiyo ni kazi ya dawa ya kwanza. Benzhexol ni dawa ya dawa. Ubongo unaendesha misuli kwa kupatanisha kemikali, na mbili kati ya hizo ni dopamini na asetilikolini. Haloperidol hufanya kazi kwa kuzuia dopamini. Dopamini ikibanwa, asetilikolini inabaki na nguvu kupita kiasi, na mwili unaanza kukakamaa, mikono inatetemeka, mate yanadondoka, mtu anatembea kwa hatua fupifupi kama mzee wa miaka themanini. Benzhexol huipunguza nguvu hiyo asetilikolini. Ndiyo maana dawa hiyohiyo hutumika pia kwa wagonjwa wa Parkinson, ambao dopamini yao imepungua yenyewe.

Kuna sura moja ya shida hii ambayo familia inatakiwa kuijua mapema. Siku chache za mwanzo za Haloperidol, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inaweza kupinda ghafla upande mmoja, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, taya likakaza, ulimi ukatoka nje. Akili yake inaona kila kitu, ila mwili haumtii. Ukiona hali hiyo usiku, bila mtu kukueleza kabla, utaapa kwamba ni jini. Nimeona nyumba ikifukiza ubani hadi alfajiri, na kijana amelala mkekani shingo imepinda, ilhali sindano moja ya jamii hii ya dawa ingemnyoosha kwa muda mfupi tu. Kisomo sikikatazi, lakini kisomwe ndani ya gari, njiani kwenda hospitali.

Kwa hiyo muulize daktari hivi: Benzhexol anapewa kwa dalili uliyoiona, au kwa kinga tu? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri isitolewe kwa mazoea kama kinga kwa kila anayetumia dawa za akili. Itolewe dalili zikijitokeza, na kwa muda mfupi. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kufanya vinginevyo, na ni haki yenu kuisikia. Ombeni pia tarehe ya kuipitia upya, iandikwe kwenye daftari la kliniki. Bila tarehe, karatasi hunakiliwa mwezi hadi mwezi, na mtu anakuja kumeza miaka kumi kitu alichokihitaji wiki sita.

Na si kila mtikisiko hutulizwa na Benzhexol. Mgonjwa asiyeweza kutulia, anayenyanyuka kila akikaa na kukanyagakanyaga mahali pamoja, mara nyingi hapati nafuu kubwa kwa Benzhexol. Daktari ana njia nyingine. Yule aliyetumia dawa miaka mingi na mdomo wake sasa unatafunatafuna wenyewe anaweza hata kuzidiwa nayo. Msiongeze kidonge kwa kukisia.

Kabla ya kuanza, mwambieni daktari habari za mwili wake ambazo hakuziuliza. Je, ana presha ya macho? Benzhexol hupanua mboni, na kwa aina fulani ya ugonjwa huo inaweza kuleta maumivu makali na upofu. Baba mwenye tezi dume anaweza kushindwa kabisa kupata mkojo. Mtu aliyewahi kuziba utumbo, mwenye moyo unaokwenda mbio, mama mjamzito au anayenyonyesha, wote watajwe. Wazee ndio ninaowahofia zaidi. Dawa hii huwapotezea kumbukumbu, huwachanganya, na wengine huanza kuona watu wasiokuwapo, kisha familia inadhani ni uzee tu, au ugonjwa umepanda.

Siku ya kliniki chukueni mfuko, mtie kila dawa iliyomo nyumbani, hata dawa ya maji ya kikohozi iliyobaki nusu. Vidonge vya mafua na mzio kama Piriton, Phenergan ya usingizi, Buscopan ya tumbo la kusokota, Amitriptyline ya maumivu ya neva: zote hizi, kwa kiwango kikubwa au kidogo, zinavuta upande uleule wa Benzhexol. Chlorpromazine yenyewe pia. Kila moja peke yake inaweza isimsumbue, lakini zikikutana mzigo wake unajumlishwa. Duka la dawa la mtaani halijui anachomeza mgonjwa wenu mpaka muwaambie. Pombe isiguswe.

Someni namba kwenye pakiti. Kuna kidonge cha miligramu 2 na cha 5, na mtu mzima huanza na miligramu 1 au 2 kwa siku, kisha daktari anapandisha taratibu. Atakayezoea "kidonge kimoja" bila kutazama namba, siku akipewa pakiti nyingine atameza zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Dozi ya mwisho isisogezwe usiku bila ushauri, kwani wengine huwanyima usingizi. Akisahau moja, asimeze mbili kufidia.

Maisha ya kila siku yatabadilika kidogo. Mdomo utakauka, basi awe na chupa ya maji, na apige mswaki sawasawa, maana kinywa kikavu huozesha meno. Choo kitakuwa kigumu: papai, mboga za majani, maharage, na kutembea. Siku tatu bila choo, tumbo limejaa, si jambo la kusubiri. Kusoma kwa karibu kutamsumbua, na pikipiki asiendeshe mpaka ijulikane dawa imemkaaje. Jambo ambalo watu wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam wasilichezee ni joto. Dawa hii hupunguza jasho, na bila jasho mwili hauna namna nzuri ya kujipoza. Kubeba zege saa saba mchana mwezi wa Februari ni hatari ya kweli kwake. Apangiwe kazi za asubuhi au kivulini.

Amueni pia nani atatunza pakiti. Hili wengi huliona aibu kulisema, lakini Benzhexol inatafutwa na watu wanaoitumia kulewa. Mgonjwa anaweza kuombwa, kushawishiwa au kuibiwa, au yeye mwenyewe akaanza kuongeza kwa sababu inamchangamsha. Mtu mmoja wa nyumbani aihifadhi, ahesabu vidonge kila wiki, mbali na watoto. Msimpe kama mfungwa; mpeni kama mnavyomwekea mzee dawa yake ya presha.

Mwenye safari ya Ghuba aulize mapema ubalozini. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zinaidhibiti dawa hii kisheria, na pakiti isiyo na cheti wala kibali inaweza kumfikisha mtu kituo cha polisi badala ya hotelini.

Isikatwe ghafla. Akiiacha yote kwa mkupuo, anaweza kupata kichefuchefu, jasho, usingizi kupaa, na ule mkakamao kurudi. Hupunguzwa kidogokidogo kwa ratiba ya daktari.

Mwisho, andikeni ukutani namba ya gari la kukodi linaloamka usiku, na wekeni kando hela yake. Msisubiri asubuhi mkiona ngozi kavu yenye moto, uso mwekundu, mboni pana, moyo unakimbia, anaweweseka au anashikashika vitu hewani. Hizo ni dalili kwamba dawa imezidi. Vivyo hivyo mkojo ukigoma, jicho likiuma ghafla, au homa kali ikija pamoja na mwili mzima kukakamaa, ambayo huenda inatokana na dawa ya kwanza na Benzhexol haiiwezi. Bebeni pakiti zote mbili, pamoja na vidonge vilivyobaki, ili wa zamu avihesabu mwenyewe.