Nguzo huozea shingoni

Nguzo ya kwanza ilianguka mwezi wa Mei, baada ya mvua ya usiku kucha hapa kwetu Butere, magharibi mwa Kenya. Haikung'oka, ilikatika vidole vitatu chini ya udongo. Ng'ombe akapita juu ya seng'enge iliyolala, akaingia kwa jirani, mahindi yakiwa ya magotini. Nililipa. Ua wenyewe ulikuwa na miaka miwili tu.

Baba mkwe alikuja kuangalia. Kwa heshima ya kwetu, mzee hamsogelei mke wa mwanawe, kwa hiyo alisimama ng'ambo ya ua akaongea na kijana wangu wa miaka tisa, nami nasikia. "Mwambie mama yako ang'oe kipande kilichobaki shimoni." Nikaking'oa kwa mtaimbo. Kitako, futi mbili chini, kilikuwa kigumu na bado kinanukia mkalitusi. Upande wa juu nao ulikuwa mzima. Kilicholiwa ni kama shubiri moja tu, pale udongo unapokutana na hewa. "Mwambie mama yako, nguzo huozea shingoni."

Kinachoozesha mti ni kuvu, na kuvu anataka maji na hewa kwa pamoja. Chini kabisa maji yapo lakini hewa ni haba. Juu hewa ipo ila jua hukausha. Shingoni vyote viwili vipo, mwaka mzima, hasa huku kwetu ambako mvua haikawii kurudi. Mchwa nao hupitia hapo hapo. Kwa hiyo nilipojenga upya, kila shilingi na kila jasho nilivielekeza kwenye shubiri ile.

Kwanza mti wenyewe. Kosa langu lilikuwa kununua mikalitusi michanga, imekatwa Jumatatu na kuchimbiwa Jumatano, na maganda yake. Mti mchanga karibu wote ni ile mbao nyeupe ya nje, chakula laini cha kuvu na mchwa. Moyo wa mti mzee, ule wa rangi iliyokolea, ndio unaovumilia. Ukiwa na mti wa lusiola (majirani zetu Wajaluo huuita siala) uliokomaa, utumie, maana mchwa hawaupendi. Wa Molo na Njoro watakusimulia nguzo za mtarakwa za enzi za babu zao, na hawadanganyi, lakini hata huo ukiwa mchanga mbao yake nyeupe huoza. Mgrivilea uache uwe kuni.

Menya maganda siku ile ile ya kukata, kwa sababu yakishakauka yanang'ang'ania. Kisha laza nguzo chali juu ya mawe mawili, kivulini, upepo upite chini, kwa miezi miwili au mitatu. Mimi nilizikata Desemba ili kiangazi cha Januari na Februari kinifanyie kazi. Chochote utakachopaka juu ya mti mbichi kinafungia maji ndani, na hapo umejiozeshea mwenyewe.

Zikikauka, paka lami ya maji au ya kuyeyusha shingoni tu: kuanzia futi moja chini ya usawa wa ardhi hadi nusu futi juu yake. Piga mikono miwili, ya kwanza ikauke. Kitako usikipake, unyevu unaoingia upate pa kutokea. Watu wengi huku hutumia oili chafu ya gari. Haiingii sana ndani ya mti, inakaa juu juu, na mvua ikija inashuka kwenye udongo na kisimani. Sitaki ninyweshe watoto oili. Wengine huchoma kitako kwa moto mpaka kiwe cheusi. Nilijaribu kwa nguzo nne. Makaa yenyewe hayaozi, kweli, ila hupasuka, na ndani ya nyufa mti ni ule ule, tena umepungua unene.

Kama mfuko unaruhusu, nunua zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani kibichi. Mwombe muuzaji akuonyeshe nguzo iliyokatwa. Kijani kiwe pete inayoingia ndani ya mti, kisiwe rangi ya nje tu. Ukilazimika kuikata, upande uliokatwa uelekee juu, usiuzike. Wala usiichonge ncha, maana unachotupa ndiyo sehemu yenye dawa. Vipande vyake usivipikie kamwe: dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na moshi na jivu lake ni sumu.

Shimo: kwa nguzo ya futi saba nachimba futi mbili na kidogo, na kwa zile za kona futi tatu. Chini naweka kokoto kimo cha kiganja, nguzo ikae juu ya kokoto na si kwenye tope. Narudisha udongo kidogo kidogo, kila tabaka nalishindilia kwa kitako cha mtaimbo mpaka lilie "du" badala ya "fu". Mwisho nainua kichuguu kidogo kuzunguka shingo, maji yakimbie. Hiki kichuguu hakigharimu chochote na ndicho watu wanachosahau. Shimo likibonyea, umetengeneza bakuli.

Simiti sikuitumia ila kwenye lango. Mti ukikauka hunywea, pengo likabaki kati yake na simiti, maji yakaingia na kukaa humo. Ukiitumia, iache chini ikiwa wazi kwenye kokoto, uso wake uteremke kutoka kwenye mti, na pengo lizibe kwa lami.

Kichwani kata kwa mshazari, kisha pigilia kipande cha bati. Mimi nilikunjua makopo ya mafuta ya Kimbo. Chini usirundike mabua wala samadi karibu na nguzo, kwani huko ni kuwaalika mchwa. Ukiona njia yao ya udongo inapanda, ivunje siku hiyo hiyo.

Kila Januari nafukua kidogo shingoni na kudunga kwa bisibisi. Ikigoma, nafukia. Ikizama, naiondoa nguzo hiyo kabla ya mvua ya Machi na kukata ile sehemu mbaya. Kilichobaki huwa kirefu cha kutosha kushikilia seng'enge katikati ya nguzo mbili bila kuchimbiwa.

Juzi mzee alipita tena, akatembea na ua mpaka mwisho, kisha akamwita kijana. "Mwambie mama yako makopo mawili ya huku kwenye kona yamelegea." Nikachukua nyundo.