Filamu Moja, Vizazi Vitatu: Namna ya Kupanga Jioni ya Kucheka Pamoja

Kwetu Ngamiani, Tanga, tuna luninga moja na watu wa rika tatu. Baba yangu ni wa mwanzoni mwa miaka ya 50, mimi na mume wangu ni wa miaka ya 80, na watoto wamekua na simu mkononi. Jumamosi usiku tunaangalia filamu pamoja, na kazi ya kuchagua ni yangu. Naipenda kazi hii kupita kiasi, ndiyo maana nimeamua kuandika ninavyoifanya.

Anza kwa kujua kila mtu alizoea kucheka kwa njia gani. Usimuulize anapenda filamu ipi. Atakutajia jina moja tu na wenzake watanuna. Muulize alipokuwa kijana alikuwa anachekeshwa na nani.

Baba alichekeshwa na redio. Luninga Tanzania Bara ilikuja 1994 (Zanzibar walitangulia, tangu miaka ya 70), kwa hiyo ujana wake wote kicheko kilipitia masikioni. Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, matapeli wawili ambao ujanja wao uliishia kuwatia wenyewe matatani. Hapo hakuna sura ya kukunjwa wala mtu wa kuteleza. Kuna sauti, lafudhi, fumbo, na msikilizaji anayengoja. Mtu aliyelelewa hivyo hana haraka. Ukimwekea filamu ambayo watu wawili wanabishana kwa dakika kumi juu ya deni la mbuzi, ataifuata hadi mwisho na kucheka pale neno la mwanzo litakaporudi.

Sisi wa katikati tulichekeshwa na mwili na uigaji. Mzee Majuto, yaani Amri Athumani, mtoto wa hapahapa Tanga aliyefariki Agosti 2018, alikuwa akiingia tu mlangoni mmeshacheka. Halafu likaja kundi la Ze Comedy kwenye EATV, akina Joti, Masanja na Mpoki, wakiiga taarifa ya habari na wakubwa wa nchi. Hapa kuna jambo la kulishika: kuiga kunachekesha kama unamjua anayeigwa. Binti yangu nikimwonyesha vipande vile anatazama kwa adabu tu, maana yule kiongozi alishaondoka madarakani kabla yeye hajaanza shule. Kwa hiyo kabla ya kuweka kichekesho cha kuiga, mtafutie kijana dakika mbili za yule mtu halisi akihutubia. Ukifanya hivyo atacheka, tena kwa nguvu.

Na kwa wazee vilevile. Vichekesho vya vijana kwenye TikTok vingi ni sauti moja inayorudiwa na watu mamia, kila mmoja akiigeuza kidogo. Utamu uko kwenye ile tofauti ndogo. Babu akionyeshwa toleo moja haoni kitu, na si kwamba amepitwa na wakati; hajaona yaliyotangulia. Mwonyeshe matatu mfululizo, la asili kwanza. Baba yangu toleo la tatu huwa anasema, "Ngoja, rudisha."

Ukishajua hayo, chagua. Jioni za mwanzo usijisumbue na maneno kabisa. Chukua vichekesho vya vitendo: Charlie Chaplin, au Mr. Bean wa Rowan Atkinson, ambaye haongei zaidi ya kunung'unika. Mtoto wa darasa la pili na babu wa miaka sabini wanacheka sekunde ileile, na kucheka sekunde moja ndiko kunakowafungua watu. Baada ya hapo mnaweza kuingia kwenye magumu.

Gumu la kwanza ni lugha. Vijana wangu wanapenda tamthilia za Kikorea zenye maandishi ya Kiingereza chini. Baba macho yake hayawahi yale maandishi, na hata yangewahi, atasoma au ataangalia? Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili zimesaidia nyumba nyingi. Kwa zile zisizo na Kiswahili, mpe mjukuu kazi ya kumtafsiria babu, kwa sauti, mbele ya wote. Wenzangu wa miaka ya 80 wanaijua ladha hii kutoka vibanda vya video, tulikolipa kiingilio tukaangalia filamu za mapigano za Hong Kong huku Lufufu akitusimulia kwa Kiswahili na kutia vituko vyake ambavyo mwenye filamu hakuviota. Mwache mjukuu naye atie chumvi. Akiongeza uongo, babu atamkamata, na hapo mtakuwa na vichekesho viwili kwa pamoja.

Hili linagusa suala la kuongea wakati filamu inaendelea, ambalo limevunja jioni nyingi kuliko filamu mbaya. Sisi wa vibandani tunaongea na mwigizaji: "Geuka nyuma! Yuko nyuma yako!" Kijana aliyezoea kuangalia peke yake na spika za masikioni anaona tunamharibia. Kubalianeni kabla. Kwetu filamu ya vichekesho na mapigano ni ruhusa kuongea, ya kusikitisha ni kimya, na mwenye swali anaomba isimamishwe. Usimkemee mtu katikati. Kicheko kikishakatwa kwa ukali hakirudi usiku ule.

Gumu la pili ni aibu. Mtu na mwanawe hawakai raha pakitokea busu. Babu na mjukuu, kinyume chake, ni watani kwa desturi: babu anamwita mjukuu wa kike mchumba wake na hakuna anayeshangaa. Itumie desturi hiyo. Wakalishe babu na wajukuu mkeka mmoja mbele, wazazi nyuma, na rimoti ashike babu. Ikitokea busu, mzazi akiruka kubadilisha chaneli anafanya jambo kuwa kubwa. Babu atasema neno lake moja la utani, watu watacheka, filamu itasonga. Lakini usitegemee hilo kwa kila kitu. Filamu usiyoijua iangalie mwenyewe kwanza, hata kwa kurukaruka.

Gumu la tatu nalichukulia kwa uzito zaidi. Filamu nyingi za zamani, zetu na za nje, zinachekesha kwa mume kumpiga mke, kwa mtu mwenye ulemavu, kwa dada wa kazi asiyejua mjini. Wazee wanacheka, vijana wananyamaza, na ule ukimya unaumiza pande zote mbili. Mimi huisimamisha. Namuuliza baba watu walikuwa wanachekea nini hasa pale, naye anaeleza vizuri, mara nyingi kwa habari za mtaani kwao zamani. Kisha namuuliza binti yangu yeye ameona nini. Asikatizwe hata kama babu hakubali. Ila tofautisha matusi na utani wa makabila: Mnyamwezi na Mzaramo kuchokozana ni jambo lenye kanuni zake, linafanyika hata msibani, na vijana wa mjini wasioambiwa watani wao ni akina nani husikia ubaguzi mahali ambapo pana undugu. Waambie mapema.

Mkishazoeana, rudini kwenye filamu za Kihindi ambazo wazee wetu walipangia foleni kwenye majumba ya sinema. Ningeanza na Sholay ya 1975. Ina matapeli wawili marafiki, jambo ambalo msikilizaji wa Pwagu na Pwaguzi analipokea mara moja. Ina mkuu wa gereza anayetembea kwa majivuno na kufokafoka, aliyebuniwa kwa kumfuata Chaplin, ambaye watoto watamwiga wiki nzima. Na ina ile posa ambayo mshenga anamsifia rafiki yake kwa namna inayomharibia kabisa, kichekesho cha maneno matupu ambacho baba anakijua kwa moyo bila kujua Kihindi.

Tatizo ni urefu: inazidi saa tatu. Msiimalize usiku mmoja. Filamu hizi zilitengenezwa na mapumziko katikati, kwa hiyo zimeni palepale, chemsheni chai, mwacheni babu akatae kusema kinachofuata, na nusu ya pili muiweke Jumamosi ijayo.